Makaburi ya Wageni

Juma hili tumechagua kusema juu ya makaburi. Pengine mmoja wenu atauliza, je, hakuna habari ya furaha zaidi? Iko, nayo tutaisema majuma mengine. Lakini Turkana ni nchi ya watu waliotoka mbali, na mtu aliyetoka mbali huulizwa maswali mawili: umezaliwa wapi, na wazee wako wamelala wapi?

Tutaanza mbali kidogo, kwa Wajerumani, kisha tutarudi kwetu kwenye mto Tarach. Tunaanza na Wajerumani kwa sababu habari yao imekwisha kutimiza miaka mia moja na zaidi, nasi twaweza kuona jinsi ilivyoishia. Habari ya Kakuma bado ni changa.

Wako watu wanaotoka Ujerumani, na wengine Marekani au Afrika Kusini, wanaofika Tanzania na Kenya wakitafuta kaburi la babu au la bibi. Mkononi wana picha iliyofifia na jina la mahali lisiloonekana katika ramani yo yote ya leo. Wilhelmstal iko wapi? Hiyo ni Lushoto. Neu-Langenburg? Ni Tukuyu. Bismarckburg? Ni Kasanga, kwenye ziwa Tanganyika. Hohenfriedberg ni Mlalo, katika milima ya Usambara. Serikali ya Wadachi, kama wazee walivyowaita, ilipoondoka, majina yake nayo yaliondoka, na wenye nchi wakarudia majina yao. Lakini wafu hawakuondoka.

Nao waliozikwa huko hawakuwa watu wa namna moja. Walikuwako maaskari, wamisheni, wakulima wa kahawa na katani, wake zao, na watoto wachanga wengi, kwa maana homa ya malaria haikuchagua. Wengine hawakutoka Ujerumani kabisa. Mwaka 1906 hivi walifika karibu na mlima Meru Wajerumani waliotoka Urusi, watu ambao wazee wao walikwisha kuhama Ujerumani vizazi kadhaa nyuma. Wakapewa mashamba mahali palipoitwa Leudorf. Leo ni Leganga, karibu na Usa River. Walikuwa wageni katika Urusi, wakawa wageni tena katika Afrika. Mjukuu wa watu hao anayetafuta kaburi hana budi kuulizia katika nchi tatu.

Tena fikirini jambo hili. Baada ya vita vya kwanza, Wajerumani walirudishwa kwao. Kuanzia mwaka 1925 waliruhusiwa kuja tena, wakaja, wakanunua mashamba, wakazika wazee wao. Mwaka 1939 vita vya pili vikaanza. Wanaume wakatiwa kizuizini, familia zikahamishwa, na mashamba yakashikwa na serikali kama mali ya adui. Mara mbili, basi, katika maisha ya mtu mmoja, watu wale waliacha makaburi bila jamaa wa kuyafyekea. Kaburi lisilo na jamaa halidumu. Mvua moja, mizizi ya mti mmoja, mbuzi kupanda juu yake, na baada ya miaka thelathini msalaba wa mbao umekwisha kuliwa na mchwa.

Mtu atasema: afadhali wangalizikwa kwao Ujerumani, huko mawe yanatunzwa. Sivyo. Katika Ujerumani kaburi la kawaida halitolewi milele. Familia hulipia mahali kwa muda, mara nyingi miaka ishirini au thelathini, na muda ukiisha bila kulipiwa tena, jiwe huondolewa na mtu mwingine huzikwa pale pale. Kwa hiyo anayetafuta babu zake katika kijiji cha Kijerumani hukuta makaburi mazuri, yenye maua, yaliyopangwa sawasawa, na hakuna hata moja la mtu aliyekufa kabla ya babu yake. Twaona jambo hili linawashangaza sana Waafrika wanaokwenda huko kusoma.

Sasa, hao watafutaji hupata nini? Hupata kitabu. Tangu siku za Matengenezo ya Kanisa, katika miaka ya 1500, wachungaji wa sehemu nyingi za Ujerumani waliagizwa kuandika kila ubatizo, kila ndoa na kila maziko. Mchungaji wa kijiji kidogo alikaa usiku mbele ya mshumaa akaandika: leo tumemzika fulani, mwana wa fulani, mshona viatu, umri wake miaka kadhaa. Hakuwa na habari kwamba baada ya miaka mia nne kuna mtu atavuka bahari ili asome mstari ule. Vitabu vingi viliteketea katika vita vya miaka thelathini, kati ya 1618 na 1648, na ndiyo sababu familia nyingi zinapofika hapo nyuma hukwama. Tena maandishi yale ni ya mwandiko wa zamani wa Kijerumani, ulioachwa kufundishwa shuleni tangu mwaka 1941; Wajerumani wengi wa leo hawawezi kusoma barua za bibi zao wenyewe.

Wamoraviani walikwenda mbele zaidi. Kwao Herrnhut kila mshiriki alitakiwa aandike habari za maisha yake mwenyewe, nazo zikasomwa siku ya maziko yake. Makaburi yao hayakupangwa kwa familia, bali kwa utaratibu wa kufa kwao, wanaume upande mmoja na wanawake upande mwingine, mawe yote madogo na sawasawa, tajiri na maskini. Mtu akitafuta kaburi la ukoo wake pale atazunguka bure. Lakini akienda katika nyumba ya kumbukumbu atasikia bibi yake akisema habari zake kwa maneno yake mwenyewe. Watu wa namna hii ndio waliofika Rungwe mwaka 1891.

Hapa kwetu Kenya kaburi la kwanza la namna hiyo ambalo kila Mkristo wa Kiprotestanti amesikia habari zake ni lile la Mombasa. Johann Ludwig Krapf, mzaliwa wa Derendingen karibu na Tübingen, alifika Mombasa mwaka 1844 pamoja na mkewe Rosine. Walikuwa wamekwisha kumzika mtoto mmoja njiani, katika nyika ya upande wa Uhabeshi. Mwezi Julai Rosine akajifungua binti, akashikwa na homa, akafa baada ya siku chache. Na yule mtoto akamfuata. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa hata hakuweza kusimama vizuri. Wakazikwa ng'ambo ya kisiwa, upande wa bara, karibu na Nyali. Halafu akaandika barua kwa wakuu wake kwamba kaburi lile ni dalili kuwa kazi imeanza. Wahubiri wengi wamelitumia neno hilo kama bendera. Sisi twapenda kwanza kukumbuka kwamba aliyeliandika alikuwa mume aliyefiwa, mwenye homa, katika mji usio na jamaa yake hata mmoja.

Mwenzake Johannes Rebmann, mtu wa Gerlingen, alikuja mwaka 1846. Alikaa Rabai karibu miaka thelathini, akapofuka macho, akarudishwa Ujerumani mwaka 1875, akafa mwaka uliofuata huko Korntal, karibu na Stuttgart. Krapf naye alifia Korntal, Novemba 1881. Walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda chake. Basi mume amelala Korntal, na mke na mtoto wamelala Mombasa. Mtu wa ukoo ule akitaka kuwazuru wote pamoja itambidi avuke bahari.

Wasikilizaji wapendwa, mpaka hapa habari ni ya huzuni lakini ni nyepesi. Kuna upande wa pili, nao hatuwezi kuupita kwa sababu tu hatupendi kuutazama.

Mwezi Oktoba 1896 wamisheni wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa usiku huko Akeri, chini ya mlima Meru, pamoja na Wachagga waliofuatana nao. Wote wawili huitwa Wajerumani katika mazungumzo, lakini walitoka nchi za Baltiki, Estonia na Latvia za leo. Makaburi yao yako Akeri na kanisa linayatunza. Lakini baada ya kufa kwao askari wa Kijerumani walifanya kisasi kwa Wameru na Waarusha. Watu wengi waliuawa, ng'ombe wakatekwa, migomba ikakatwa. Mahujaji wanaofika Akeri husoma majina juu ya mawe. Ni vema wasome. Ila wajue kwamba mawe yale ni ya wachache sana kati ya waliokufa kwa sababu ya usiku ule.

Tena wako wazee wetu ambao hawakuzikwa kabisa. Mangi Meli wa Old Moshi alinyongwa tarehe 2 Machi 1900 pamoja na wakuu wengine, na jamaa zake husema kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Mjukuu wake alitumia miaka mingi akikitafuta. Huko Songea, tarehe 27 Februari 1906, wakati wa vita vya Majimaji, viongozi wa Wangoni walinyongwa wakafukiwa katika shimo moja; Nduna Songea Mbano naye aliuawa, na fuvu lake linatafutwa hata leo. Wataalamu wa siku hizo walikusanya mafuvu ya watu kama mtu akusanyavyo konokono wa pwani, wakayapanga katika kabati za Berlin, wakayaandikia nambari.

Katika miaka ya karibuni jumba la makumbusho la Berlin lilichunguza mafuvu 1,135 yaliyotoka katika sehemu hizi zetu. Walikadiria kwamba 904 yalitoka Rwanda, 202 Tanzania, na 22 Kenya. Ndiyo, hata Kenya. Mwezi Septemba 2023 wakatangaza kwamba vipimo vya damu ya ukoo vimewapata jamaa walio hai katika Tanzania. Fuvu moja lilikuwa limeandikwa jina Akida, mshauri mkubwa wa Mangi Meli. Lile la Meli mwenyewe halikuonekana. Tarehe 1 Novemba mwaka ule ule Rais Steinmeier wa Ujerumani alisimama Songea akaomba radhi.

Basi mnaona safari hizi mbili. Mjerumani anakuja Afrika na picha mkononi akitafuta jiwe la babu yake. Mchagga anakwenda Ujerumani akitafuta mfupa wa babu yake. Pengine wanapishana uwanja wa ndege. Fuvu la Akida lilitambuliwa na jamaa zake wakapatikana kwa sababu mtu aliliandika jina. Aliliandika kwa nia mbaya, kama mtu aandikavyo bei ya bidhaa, lakini aliliandika. Mafuvu mengine mengi yana nambari peke yake.

Twende sasa Turkana, ambako jambo hili halihitaji kufundishwa na mgeni. Kila mtoto wa Kiturkana amesikia habari za Nayeche, yule mwanamke aliyetoka kwa Wajie, katika Karamoja ya Uganda, akashuka bonde la Tarach, na habari za yule fahali wa kijivu ambaye nyayo zake zilifuatwa mpaka nchi hii. Wazee husimulia kwa namna mbalimbali, kila ukoo na yake, wala hatutaki kuamua nani amesema sawa. Lakini wote hukubaliana mahali: Moru Anayeche, mlima wa Nayeche, ndiko alikolala. Waturkana wote hujihesabu kutoka kaburi lile moja. Hata siku ya Tobong'u Lore, wakati Lodwar inapojaa wageni, Wajie na Wakaramojong na Watoposa na Wanyangatom, wanakuja kama watoto wa boma moja.

Jambo hilo lina uzito zaidi tukikumbuka kwamba zamani Waturkana hawakumchimbia kila mtu kaburi. Kuzikwa kulikuwa heshima ya mzee mwenye boma lake au mama aliyezaa na kulea. Mwanamke aliyefika akiwa mgeni akapewa kaburi, na mlima ukapewa jina lake. Hakuna maandishi pale. Jina la mlima ndilo lililobeba habari vizazi vyote hivi.

Iko habari nyingine ya zamani zaidi. Huko Lothagam, upande wa magharibi wa ziwa, wachimbuaji walionyesha mwaka 2018 kwamba wafugaji walioishi huko miaka 5,000 hivi iliyopita walizika watu wao mahali pamoja, juu yake wakasimamisha nguzo za mawe. Inakadiriwa kwamba watu wasiopungua 580 wamelala pale: wanaume, wanawake, watoto, karibu wote wamepambwa kwa shanga, wala hakuna dalili kwamba mmoja alikuwa mkuu kuliko mwingine. Yalikuwa maziko mazuri kabisa. Lakini wale 580 hakuna awezaye kumtaja hata mmoja kwa jina lake, wala hakuna Mturkana wala mtu wa taifa jingine awezaye kusema, huyu ni babu yangu.

Kati ya Lothagam na Moru Anayeche, Kakuma itafuata njia ipi?

Kambi ya Kakuma ilianza mwaka 1992, vijana wa Sudani walipofika wakiwa wametembea kutoka Uhabeshi. Wengi wao walikwisha kuwaacha ndugu njiani, mahali pasipo na alama. Baadaye wakaja Wasomali, Wahabeshi, Wakongo, Warundi na wengine, na pamoja na Kalobeyei wamepita watu 200,000. Mahali penye watu wengi hivyo kuna maziko karibu kila siku. Udongo ni mkavu, miti ni michache, na msalaba wa mbao ni kuni kwa jirani asiye na kuni. Tarach ikijaa hubomoa kingo zake usiku mmoja.

Halafu yanakuja yale yale ya Leudorf. Familia inaitwa, jina limetoka, inapelekwa Marekani, Kanada au Australia, na kaburi la mtoto linabaki. Wengine wanarudi kwao vita vikitulia, na kaburi la bibi linabaki. Baada ya miaka sitini mjukuu aliyezaliwa Omaha au Melbourne, asiyejua Kiswahili wala Kidinka, atafika Lodwar kwa ndege, apande gari mpaka Kakuma, na mkononi atakuwa na picha. Atauliza, Kakuma 1, Zone 3 ilikuwa wapi? Pengine hata jina hilo litakuwa limekwisha kusahauliwa, kama Wilhelmstal.

Ibrahimu alipofiwa na Sara alikuwa mgeni katika nchi ya Wahiti, hana hata kipande cha ardhi. Akawainamia wenyeji, akanunua shamba na pango kwa shekeli 400 za fedha, mbele ya mashahidi, langoni pa mji. Someni sura yote ya 23 ya Mwanzo. Haina muujiza wo wote. Ni mapatano tu, na bei, na mipaka ya shamba na miti iliyomo, imeandikwa kwa makini kama hati ya karani. Kwa ajili ya makini hiyo, Yakobo alipokuwa akifa Misri aliweza kuwaambia wanawe bila kubahatisha mahali anapotaka kuzikwa na waliolala pale kabla yake.

Ninyi wa Kakuma mna wazee wa kanisa katika kila mtaa, na waimbaji wanaokwenda kila msiba. Ninyi wa Lodwar mna makanisa yaliyokaa miaka mingi na makabati yenye kufuli. Twaomba mpatane. Kitabu cha maziko kiwe viwili, kimoja kambini na kingine mjini Lodwar, kwa sababu ya mchwa na mafuriko. Kiandikwe kwa wino, si kwa penseli. Aandikwe Mkristo na asiye Mkristo, kama jamaa zake wanataka, kwa maana mtafutaji wa kesho hatauliza dini kwanza. Liandikwe jina la kanisani na jina la nyumbani, jina la baba, na la mama pia, ambalo vitabu vya Wajerumani wa zamani mara nyingi viliacha, kijiji alichotoka, lugha yake, tarehe, kaburi liko safu ya ngapi kutoka njiani, na nani aliyeomba. Mtoto aliyekufa kabla ya kupewa jina aandikwe kwa jina la mama yake.

Daftari gumu la kurasa nyingi linapatikana katika maduka ya Lodwar yanayouza vitabu vya shule. Anayejua kuandika vizuri na akae karibu na mama wa marehemu, amwombe alitamke jina polepole, aliandike kama linavyotamkwa, kisha amsomee tena mpaka mama aitikie kwamba ndivyo.